Mto wa Thelathini na Moja

Tarehe 5, mwezi wa pili

Mwanangu, mkutubi wangu,

Ratiba yako imefika. Sikuifungulia ndani. Nimeifungulia barazani, tena nimeichana bahasha polepole ili Mama Injinia aone muhuri wa maktaba. Akajifanya anaanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka. Nikasoma kwa sauti: "Maktaba ya Umma, Shughuli za Mwezi. Kila Jumatano saa kumi jioni, darasa la kusoma kwa watu wazima. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, saa ya hadithi kwa watoto. Jumamosi ya mwisho, wazee wanasimulia mji ulivyokuwa." Nilipofika chini nikapandisha sauti: "Mratibu wa shughuli zote…" nikanyamaza kidogo, akageuka, "…ni yule niliyemzaa mimi!"

Akasema, "Na wangu naye anajenga barabara."

Nikamwambia, "Barabara hata ng'ombe anapita, shoga. Maktabani wanapita wenye akili." Hajanisalimu siku ya pili leo.

Nimeibandika juu ya cherehani pamoja na zile nyingine. Sasa ziko kumi na nne, mstari mmoja, hazijapinda. Mteja akija kupimwa namgeuza uso upande ule, atake asitake. Wa jana nilimpima kiuno mara tatu ili amalize kusoma.

Na yule Mzee Kofia wa darasa la Jumatano anaendeleaje? Mwaka jana uliniambia anataka kusoma barua za marehemu mkewe, ambazo maisha yake yote alisomewa na watu. Nimekaa namfikiria. Mimi niliishia darasa la nne, naye karibu atanipita, jambo ambalo sitalikubali. Mwambie kuna fundi cherehani anamwangalia.

Na watoto wa Jumamosi wako wangapi, na wanakalia nini? Hukuniambia.

Mimi mzima kabisa. Macho yananiwasha kidogo, ni vumbi la vitambaa.

Mama yako, Fundi


Tarehe 28, mwezi wa pili

Mama yangu, shikamoo.

Nakutumia ratiba ya mwezi wa tatu. Samahani nimepiga chapa badala ya kuandika kwa mkono, kazi zimenibana na mikono yote inanuka wino.

Watoto wako thelathini. Wanakaa sakafuni, na sakafu yetu ni saruji. Siku za baridi wanavua viatu na kuvikalia. Nikianza hadithi wanasahau, nikimaliza wanasimama wameshika makalio.

Mzee Kofia yupo. Anafika kabla ya wote, anafuta ubao bila kuombwa. Sasa anasoma sentensi, anaifuata kwa kidole kama mtu anayetafuta mwiba. Barua za mkewe anatembea nazo kwenye mfuko wa plastiki. Nilimuuliza kwa nini hafungui hata moja. Akasema, "Mwalimu, siwezi kumwacha mke wangu amesimama katikati ya neno."

Usisumbuke kuja huku kwa sasa, mama. Mwezi huu kuna ukaguzi, mwezi ujao wanapaka rangi. Nitakuambia wakati mzuri.

Mwanao


Tarehe 19, mwezi wa tatu

Kwa Mkuu wa Maktaba,

Mheshimiwa, hunijui, lakini kazi yangu unaiona kila asubuhi ikiingia ofisini, maana mimi ndiye mama wa mratibu wako wa shughuli.

Humu ndani kuna mito thelathini ya kukalia ya watoto wa Jumamosi. Nimeishona yote mwenyewe. Kuna vitambaa vya sare, kuna mapazia, na ule mweupe wenye kung'aa ni gauni la harusi la mteja aliyegeuza mawazo na hakurudi kulichukua. Kila mto una mkanda ili mtoto aubebe mwenyewe. Ule mkubwa wa buluu, wa thelathini na moja, ni wa Mzee Kofia. Mifupa ya wazee haipendi benchi.

Binti yangu usimwambie. Ipange Jumamosi kabla hajaingia. Nataka afungue mlango akute watoto wamekaa kama watu.

Huenda hujui umepata nini. Huyo akiwa na miaka mitano alikuwa anapanga nyuzi zangu chini ya cherehani na kuzisomea hadithi, kitabu amekishika kichwa chini. Uzi mwekundu ulikuwa unamkatiza, akaufukuza. Nikasema moyoni, huyu hatashona. Na hakushona.

Wenu katika kazi,
Mama wa Mkutubi


Tarehe 3, mwezi wa nne

Kwa Mama wa Mkutubi,

Mimi ni mlinzi wa lango. Mkuu wa Maktaba alihamishwa. Barua yako nimeifungua mimi kwa kuwa hakuna mwingine wa kuifungua, naomba radhi. Mzigo umefika, nimeusaini.

Kama ujuavyo, jengo lilifungwa tarehe thelathini mwezi wa kumi na mbili. Walisema ni paa, halafu wakasema ni bajeti, sasa hawasemi. Vitabu vilitiwa kwenye magunia vikaondoka na lori. Wafanyakazi wote walipewa barua zao siku moja. Mimi nimebaki kwa sababu jengo tupu nalo lina milango ya kuibiwa. Binti yako ndiye aliyetoka mwisho. Alifuta ubao, akanipa funguo. Sijamwona tena, nasikia anapiga chapa na kutoa nakala kwenye kibanda kimoja nyuma ya posta. Hapiti njia hii.

Kuhusu Mzee Kofia. Aliendelea kuja kila Jumatano saa kumi. Nikimwambia mzee pamefungwa, anajibu, "Najua, sijakuuliza." Anakaa kwenye ngazi na daftari lake. Neno likimshinda ananiuliza, nami nikilijua namwambia, nisipolijua tunaliruka wote wawili. Alifariki wiki ya pili ya mwezi wa pili, kifua. Watu wa kwake walileta daftari hapa langoni wakisema ni mali ya maktaba. Ninalo.

Kwa hiyo mto mkubwa hauna mwenyewe. Na hiyo mingine sijui niifanyeje. Nimeiweka kwenye kibanda changu, hakivuji.

Mlinzi


Tarehe 6, mwezi wa nne

Mama yangu, shikamoo.

Ratiba ya mwezi wa nne hii hapa. Tumeongeza siku ya kushona vitabu vilivyochanika, nikakukumbuka.

Nina habari itakayokufurahisha. Jumatano iliyopita Mzee Kofia amesoma barua ya kwanza ya mkewe, mbele ya darasa zima! Alivua kofia, hatujawahi kuona kichwa chake. Alisoma ukurasa wote, kidole hakikusimama hata mara moja. Alipomaliza akaikunja akasema, "Kumbe ndivyo ulivyosema." Tulipiga makofi mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Kwa hiyo amekupita, mama. Jitahidi.

Mwanao


Tarehe 20, mwezi wa nne

Kwa Mlinzi wa Lango,

Ndugu yangu, umeandika "kama ujuavyo". Nilikuwa sijui. Usijilaumu, aliyepaswa kuniambia si wewe.

Barua yako na ya binti yangu zimefika siku moja. Ya kwako imemzika Mzee Kofia, ya kwake imemsimamisha anasoma. Nimeziweka pamoja mezani na sijui nimekaa hapo muda gani, mpaka mteja akaja akaniuliza kama nina msiba. Nikamwambia ndiyo, lakini si jamaa yangu.

Nitakuambia jambo ambalo yeye sijamwambia, kwa kuwa wewe huna mdomo huku kwetu. Daktari wa macho anasema nina presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kiko njiani. Mito ya mwisho kumi nimeishona kwa kupapasa. Ukiona mishono imepinda, ndiyo sababu. Sindano ilinipitia kidoleni mara mbili, mito iliyoingia damu nimeifua ikatakata.

Naomba usimtafute, usimwambie kwamba najua. Mtoto ukimshika na uongo mkononi unamvunja vidole. Nataka aniambie mwenyewe. Na nataka aniambie ningali naweza kuusoma mwandiko wake kwa macho yangu. Hilo tu.

Mito kaa nayo. Daftari la Mzee lifunike, lisipate unyevu.

Fundi


Tarehe 21, mwezi wa nne

Mwanangu,

Ratiba nimeibandika. Mama Injinia ameisoma akasema, "Huyo mtoto wako halali usiku?" Nikamwambia halali.

Nimefurahi kwa Mzee Kofia. Mwambie nimekubali kushindwa. Lakini hujaniambia mkewe alimwandikia nini. Niandikie, kama si siri yake.

Usishangae mwandiko wangu umekuwa mkubwa. Nimeukuza ili jirani aweze kusoma akiwa kwake, nimpunguzie safari.

Watoto wanakalia nini siku hizi?

Na kama kuna neno lolote huko, hata dogo, hata baya, mimi ni mama yako. Si mteja wako wala si mkaguzi. Niliwahi kukuona umejikojolea mbele ya darasa zima nikakubeba mgongoni mchana kweupe, na sikumwambia mtu. Unakumbuka?

Mama yako


Tarehe 9, mwezi wa tano

Mama yangu, shikamoo.

Nakumbuka.

Ratiba ya mwezi wa tano ndiyo hii. Imechelewa, mashine ya chapa ilikuwa mbovu.

Mkewe alimwandikia kwamba nyumbani hakuna tatizo lolote. Paa zima, watoto wazima, asiwe na wasiwasi, amalize kazi iliyompeleka. Ukurasa mzima ni hivyo. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama aliona aibu, akaandika: "Nimechoka. Rudi." Mzee anasema yule aliyekuwa akimsomea barua zake zamani hakuwahi kumsomea mstari huo.

Watoto bado wanakaa sakafuni, wamezoea.

Huku hakuna neno, mama. Kila kitu ni kama kawaida.

Mwanao


Tarehe 24, mwezi wa tano

Mwanangu,

Mstari ule wa chini nimeusoma. Ulichukua muda, lakini nimeusoma.

Nina kazi moja ya kukutuma. Jumatano ijayo saa kumi jioni, nenda langoni kwenu ukamsalimie mlinzi kwa niaba yangu. Usimtume mtu. Nenda kwa miguu yako, umpe mkono, umwambie, "Mama anakusalimu." Ana kitu changu.

Karatasi imejaa, herufi zangu zinakula nafasi.

Mama


Tarehe 5, mwezi wa sita

Mama,

Nimekwenda. Barua hii naiandika kwa mkono.

Sikuwa nimepita ile njia tangu mwezi wa kumi na mbili. Nikizunguka nyuma ya posta naongeza robo saa, na kila siku naiongeza. Nilifika langoni nikashindwa kusema ulichonituma. Mlinzi akasema, "Umechelewa, mwalimu. Ingia." Akafungua kibanda chake. Mito imepangwa mpaka juu, na yeye mwenyewe anakalia ndoo.

Akaniambia ulijua tangu mwezi wa nne. Ulijua Mzee Kofia amekufa, na ukaniuliza mkewe alimwandikia nini, nami nikakujibu. Nimesimama pale natafuta mahali pa kuficha uso, sikupapata.

Mwezi wa kwanza nilikaa kukuandikia ukweli. Nikauona ukuta wako. Nikaona ratiba kumi na mbili halafu nafasi tupu, na wewe umesimama na mteja mbele ya hiyo nafasi. Muhuri niliondoka nao mfukoni bila kukusudia. Kibandani nina mashine. Nikasema mwezi mmoja tu, nitafute kazi, nimwambie nikiwa na la kumwambia. Mwezi wa pili ukawa rahisi kuliko wa kwanza, na hilo ndilo linalonitisha.

Sikujua kwamba amefariki. Nilimsomesha barua ile kwa sababu nilimwacha bado hajafika. Nilitaka afike.

Mlinzi amenipa daftari lake. Mama, kurasa za mwisho si mazoezi. Ameinakili ratiba yetu ya mwezi wa kumi na mbili, ile iliyokuwa ubaoni. Chini yake ameinakili tena akaandika mwezi wa kwanza. Halafu mwezi wa pili, imeishia "Kila Jumatano saa". Alikuwa anafanya kama mimi, ila yeye alikuwa anakuja. Nikamuuliza mlinzi kuhusu mfuko wa barua. Anasema hakuwahi kumwona akiufungua, na waliomzika hawajui ulikokwenda.

Nimekaa nikaihesabu mito. Nikaigeuza. Ishirini na moja imenyooka kama ya kiwandani. Kumi imepinda, mmoja mshono umetoka nje kabisa ukarudi. Wewe ulinifumulisha sare yangu mara nne kwa sababu upindo ulikosea kwa unywele mmoja. Mama, macho yako yana nini? Usiniambie vumbi.

Nisamehe.

Mwanao


Tarehe 16, mwezi wa sita

Mwanangu, mkutubi wangu,

Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Anaandika Mama Injinia, mimi nasema. Nimemwapisha asiongeze lake. (Nimeongeza moja tu: shikamoo yangu iko wapi?)

Barua yako ilifika Jumatatu. Nikaipeleka dirishani, nikaipeleka mlangoni, nikaipeleka uani kwenye jua. Nikaisogeza mpaka inanigusa pua. Nimeona weupe na kitu kama nyasi. Umeniandikia ukweli kwa mkono wako, kama nilivyotaka, na umeyakosa macho yangu kwa siku chache. Ni presha ya macho, ninayo tangu mwaka jana, na kilichokwenda hakirudi. Ulisema nisikuambie vumbi, basi haya.

Nimekaa na bahasha siku mbili mapajani. Nilikuwa nataka nikusubiri uje uisome mwenyewe. Lakini nikamkumbuka Mzee Kofia na mfuko wake wa plastiki. Siku ya tatu nikamwita huyu.

Fikiria sasa. Yule niliyekuwa namringia miaka yote hii, amekaa kwenye kiti changu cha wateja, anasoma kwa sauti ileile niliyokuwa namsomea mimi: maktaba imefungwa, mwanangu yuko kibandani, ratiba zile ni za kutunga. Nilikuwa nasubiri acheke. Nimejiandaa kabisa, maneno ya kumjibu nilishayapanga. Alipomaliza akaikunja barua. Halafu akasema, "Wangu huu ni mwaka wa pili kimya. Hata uongo hajaniandikia."

(Ni kweli, mwanangu. Endelea kusema, Fundi, mkono unachoka.)

Kwa hiyo la kukusamehe ni hili tu. Umenidanganya, na kila mwezi uliketi ukanifikiria ili unidanganye vizuri. Nimeumia, nisikufiche. Kilichoniuma zaidi si kibanda. Fundi gani anaona haya kibanda? Kimeniuma kwamba ulikaa na msiba peke yako, ukanitengea mimi sherehe.

Cherehani nimeifunika. Hilo nalo ulijue.

Mito thelathini mwachie mlinzi, awape watu wa mtaa ule wenye watoto, na yeye achukue mmoja aache ndoo. Ule mkubwa wa buluu njoo nao. Nitaukalia mimi.

Sasa andika, Mama Injinia, na uandike kwa herufi nzuri:

Shughuli za mwezi wa saba. Mahali ni chumba cha cherehani.

Jumamosi ya kwanza, mkutubi anawasili. Hakuna sherehe.

Kila Jumatano saa kumi jioni, mtu mzima mmoja atasomewa. Zitaanza barua zote za nyuma, moja baada ya nyingine. Za mwaka jana zisomwe jinsi zilivyo. Za mwaka huu msomaji asimame kila palipo na uongo, aseme kilichotokea siku hiyo. Kama hakikutokea kitu, aseme hakikutokea kitu.

Jumatano ya mwisho, daftari la Mzee Kofia, kurasa zote, mpaka pale alipoishia.

Washiriki ni wawili. (Watatu. Nami nakuja.)

Chini huwa kuna mratibu wa shughuli zote. Hapo nimemwambia aache wazi.

Ratiba zako sijabandua hata moja. Sizioni tena. Asubuhi napita ukutani kwa mkono, karatasi, karatasi, karatasi, zote kumi na saba, za kweli na zile nyingine, na vidole haviwezi kuzitofautisha. Halafu naufikia ukuta. Ni wa baridi. Naacha mkono hapo kidogo, kisha nakaa.

Mama yako, Fundi
kwa mkono wa jirani